Tangi la Samaki Darini kwa Bi Zuhura

Juzi alinijia kijana mmoja kutoka Chaani, fundi seremala kama nilivyokuwa mimi. Tajiri wake anamtaka aweke tangi la samaki ghorofa ya juu, tangi la kujaza ukuta mzima, na roho haimpi. "Mzee Bakari," akaniuliza, "dari itahimili?" Nami nikamwuliza ni lini mara ya mwisho alipobeba debe la maji. Akacheka. Hajapata kubeba. Maji kwake yatoka mferejini, yaingia shimoni, basi. Nikamweka kitako nikamsimulia habari ya tangi la Bi Zuhura, maana ndilo lililonifundisha mimi uzito wa maji. Alipoondoka nikaona bado nina hamu ya kusimulia. Basi nawaandikia na nyinyi wengine, mnaoshika msumeno na msioshika.

Miaka ile nilikuwa nikifanya kazi na Fundi Mwinyihaji, hapa hapa Likoni. Nilikuwa mtu mzima, nina mke na mtoto, lakini mbele yake nilikuwa mwanafunzi tu. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenye tabia ya kunyamaza mpaka mwenye kazi aanze kujishuku. Akiingia nyumbani mwa mtu hatazami anachoonyeshwa. Hutazama juu kwenye boriti, kisha chini sakafuni, kisha hutoa nyundo yake ndogo akagonga na kutega sikio. Boriti nzima hujibu kwa sauti kavu, ti, ti. Iliyoliwa na mchwa hujibu kama kifua cha mtu mwenye kikohozi. Aliponiambia hivyo mara ya kwanza nilicheka. Baadaye nikajifunza kusikia, na mpaka leo nikiingia nyumba ya zamani mkono waniwasha kugonga.

Uhuru ulikuwa karibu. Baadhi ya wazungu wenye hoteli kule Shelly Beach walikuwa wakifunga masanduku na kuuza wasichoweza kubeba: vitanda, makabati, hata piano. Hoteli moja ilikuwa na tangi la samaki kwenye ukumbi wa wageni. Sisi watu wa Timbwani, mtaa huu wa Likoni, tulilijua kwa kusikia. Wapishi na madobi waliotoka kule walitusimulia, nasi tukadhani wanatia chumvi, maana mlango ule haukuwa wetu kuingia kwa ajili ya kutazama. Tangi hilo Bwana Said, mfanyabiashara wa mbata, hizi nazi kavu, akalinunua.

Alituita, tukamkuta uani kwake amesimama kando ya tangi, mikono kiunoni, kama mtu aliyenunua ng'ombe. Lilikuwa refu kama kitanda, kina chake chafika kifuani, vioo vinene vimeshikwa na fremu ya chuma. Lilikuwa tupu, na wachukuzi waliolileta walikuwa wamejilaza kivulini, hoi.

"Fundi," akasema Bwana Said, "nataka likae juu, chumbani kwa mama."

Mwinyihaji akanyamaza. Akatazama ile nyumba: nyumba ya kale ya mawe na chokaa, chini ghala la mbata, juu vyumba vya kulala. Akanyamaza tena. Bwana Said akaanza kujieleza: wachukuzi ni wengi, ngazi ni pana, kamba zipo.

"Kulipandisha si kazi," akasema Mwinyihaji. "Naomba debe la maji."

Likaletwa, limejaa mpaka mdomoni. Akamwomba Bwana Said alinyanyue. Bwana Said alikuwa mtu wa miraba minne, akalinyanyua mara moja, akasimama nalo. Fundi akawa anamwuliza habari za watoto, habari za mbata, habari za shamba. Shingo ya Bwana Said ikaanza kutetemeka, maji yakamwagikia kikoi.

"Niliweke?"

"Hilo ni debe moja. Tangi lako litameza madebe mpaka watekaji wachoke. Na boriti, ndugu yangu, hazina wa kumwomba ruhusa ya kutua."

Bwana Said akalitua, akajipangusa. Akasema, kwa sauti ya chini, "Basi nifanyeje? Ni mama."

"Mteremshe mama chini. Tangi tuliweke uani, chini ya kibanda kizuri."

"Panda ukamwambie mwenyewe."

Tukapanda. Bi Zuhura, mama yake, alikuwa amelala kitandani ubavu wa kulia, ameelekea kibla, kanga mpya begani. Alikuwa ameanguka ngazini miaka iliyopita akavunjika nyonga, na mfupa haukuunga sawasawa. Kumgeuza tu kulimtoa machozi. Dirisha lake lilitazama minazi ya jirani. Bahari aliisikia, hakuiona.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Nasikia mwataka kuniteremsha."

"Chini ni salama zaidi, bibi," akasema Mwinyihaji.

"Chini kuna mbata na panya. Miye hapa sishuki ila kwa jeneza. Na wewe si mchukuzi wa jeneza, ni seremala. Fanya useremala wako."

Nilitazama ukuta nisije nikacheka. Mwinyihaji hakucheka. Akavuta kigoda akakaa, akamwuliza kwa adabu, kama anayeuliza jambo analotaka kweli kulijua: "Bibi, wewe umevua pweza maisha yako yote. Mwamba wote waujua. Samaki wataka kuwaona wa nini?"

Bi Zuhura akautazama mkono wake. "Nimepara samaki tangu sijavunja ungo," akasema. "Pweza niliowatoa maweni kwa mkono huu siwajui idadi. Lakini kila niliyemwona alikuwa anikimbia, au yuwafa. Sijapata kumwona mmoja amestarehe kwao. Nataka nimwone, Mwinyihaji, kabla sijaenda. Basi."

Fundi akainuka, akatoa nyundo yake.

Sasa sikilizeni vizuri, vijana, maana hapa ndipo palipo na kazi. Nyumba zetu za kale zina vyumba virefu vyembamba. Si kwamba wazee walipenda ufinyu. Boriti za mkoko hazipatikani ndefu, kwa hiyo chumba huishia pale boriti inapoishia. Zimelala kutoka ukuta mrefu mmoja hadi ukuta mrefu wa pili. Ukiliweka tangi kando ya ukuta mrefu, linakuwa limezipanda boriti nyingi, kila moja inachukua sehemu yake, tena karibu na mahali iliposhikwa na ukuta. Hapo ndipo penye nguvu. Ukiliweka katikati ya chumba umelitundika. Na ukiliweka kando ya ukuta mfupi, linalala sambamba na boriti, mzigo wote unaangukia boriti mbili tu, na nyingine zinatazama.

Na Bi Zuhura alikuwa ameelekea ukuta mfupi. Huko ndiko kibla, na huko ndiko uso wake ulikoelekea usiku na mchana. Mahali salama alikuwa hawezi kupaona, na mahali alipopaona hapakuwa salama.

Nilipendekeza tukigeuze kitanda. Fundi akanikumbusha ile nyonga, na ile kibla.

"Kama dari haiwezi," akasema tulipokuwa tukishuka, "basi mzigo tutaupitisha darini uende zake chini. Kila mzigo wataka kufika ardhini, Bakari. Kazi yetu ni kuuonyesha njia ya kistaarabu, kabla haujajitafutia yake."

Tukahamisha mbata upande mmoja wa ghala. Chini ya pale litakapokaa tangi tukasimamisha nguzo nne za mbambakofi, mti mgumu sana, juu yake tukalaza mihimili miwili mizito iliyozipokea zile boriti mbili pamoja na jirani zake. Kati ya mhimili na boriti tulipigilia kabari mbili mbili zinazopishana, moja kutoka huku na moja kutoka kule, ili zikaze bila kuinua. Usinunue jeki kwa kazi kama hii ikiwa huna mkono mwepesi. Jeki huinua dari bila wewe kujua, na asubuhi unakuta ufa ukutani.

Kabla ya kulipandisha tulilijaza tangi uani, likakaa siku mbili. Lilivuja pembeni, kama tulivyotarajia, maana tangi likikaa kavu gundi yake hukatika. Tukaliziba, tukalijaza tena. Msipandishe ghorofani kitu msichokijaribu chini. Sakafu ya juu tukaipima usawa wake kwa mpira wa maji, tukatengeneza meza nzito isiyo na miguu, ubao mzima mzima, na juu yake tukatandika blanketi kuukuu. Kioo hakipendi kukaa juu ya kitu kigumu. Chembe moja ya mchanga chini ya kioo, na juu yake maji yale yote, inatosha kukipasua.

Siku ya kujaza tulianza asubuhi, bahari imejaa maji safi. Watekaji waliteka ufuoni, mkokoteni ukaleta, madebe yakapanda ngazi mkono kwa mkono. Mwinyihaji alikaa juu. Alimwomba Bi Zuhura akubali ahamishiwe chumba cha pili, kwa siku ile tu. Bibi akasema hapana, tangi ni lake na hatari ni yake. Fundi akavuta kigoda chake akakaa kati ya kitanda na tangi, kama kwamba mwili wake mdogo ungezuia kitu. Bwana Said akasimama mlangoni akisoma dua.

Mimi niliwekwa chini, ghalani. Nilikuwa nimetanda uzi chini ya mihimili, umevutwa ukutani hadi ukutani, na kipande cha ubao chenye alama. Dari ikishuka, mhimili utaukaribia uzi. Kazi yangu ilikuwa kutazama uzi na kusikiliza. Kila baada ya madebe kadhaa fundi alipiga kelele kuniuliza habari za maji, "Bakari! Yasemaje?" Nami nikajibu, "Yamenyamaza!" Kisha walingoja kabla ya kuendelea. Mti una aibu, Mwinyihaji alikuwa akiniambia. Haulalamiki papo hapo.

Wanangu, siwezi kuwaeleza ilivyokuwa kusimama pale chini. Nilikuwa siyaoni maji, lakini niliyajua yanavyoingia. Nguzo zilianza kutoa sauti nyembamba, si mlio wa kukatika, ni kama mtu anayejikaza kabla ya kunyanyua kitu. Niliweka kiganja kwenye nguzo moja nikahisi mtetemo wake. Maji ninayonawa, ninayokunywa, yanayopita vidoleni nisiyaone kitu, yalikuwa juu ya kichwa changu yakiusukuma mbambakofi.

Tangi lilipofika nusu nikasikia, ta! Vumbi la chokaa likaniangukia machoni. Nikapangusa, nikatazama uzi. Mhimili wa upande wa kibla ulikuwa umeukaribia. Nikatazama chini. Nguzo ya pembeni ilikuwa inazama. Haikupinda, haikupasuka. Ilikuwa inaingia ardhini taratibu, kama kijiti ndani ya tope.

"Acha!" nikapiga ukelele. "Fundi, acha! Ardhi yatuangusha!"

Juu madebe yakatuliwa. Kisha nikasikia sauti ya Mwinyihaji, tulivu kabisa: "Leteni mpira."

Walipitisha mpira kutoka tangini hadi nje ya dirisha, mtu mmoja akavuta maji kwa kinywa mpaka yakaanza kushuka yenyewe. Yakamwagika uani, juu ya kuku wa Bwana Said. Mimi nilikuwa nimeikumbatia ile nguzo kwa mikono miwili, kama kwamba ningeishikilia. Sikuondoka. Sijui kama ni ushujaa au miguu ilikataa. Juu yangu alikuwa mama wa watu kitandani, na fundi wangu kwenye kigoda.

Tangi lilipobaki tupu nikapanda. Bi Zuhura alikuwa macho, ametulia.

"Nguzo ipi iliyozama?" akauliza.

Nikamwonyesha kwa kidole sakafuni.

"Ehee! Hapo ndipo palipokuwa na birika la maji, shimo la kuyahifadhia. Marehemu mume wangu alilifukia kwa jivu na makaka ya chaza, tulipochimba kisima."

Mwinyihaji akamtazama. "Bibi! Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza. Uligonga kila mti wa nyumba hii ukausikiliza. Mimi hukunigonga."

Kicheko kilichotutoka kilikuwa cha hofu zaidi kuliko furaha. Fundi alicheka mpaka akashika ubavu, na mimi nilikuwa sijapata kumwona akicheka kazini. Tangu siku ile, nikipewa kazi katika nyumba, kabla sijatoa kifaa chochote namtafuta mtu aliyeishi humo miaka mingi kuliko wote, nakaa naye, nakunywa chai yake.

Tulilichimbua lile birika. Kweli, jivu tupu na makaka. Tukashuka mpaka mwamba, tukajaza mawe na chokaa, tukashindilia tabaka kwa tabaka, tukaacha likauke mpaka fundi aliporidhika, na fundi haridhiki upesi. Bwana Said alikuwa akija kila asubuhi kutazama chokaa inavyokauka, na kila asubuhi anaambiwa, "Bado." Nguzo zikasimama upya, kabari zikakazwa, uzi ukatandwa. Tukajaza tena. Safari hii niliulizwa "Yasemaje?" nikajibu "Yamenyamaza!" mpaka debe la mwisho, na uzi haukuguswa.

Wavuvi wa Timbwani wakaleta samaki wadogo wa mwambani kwenye madebe: vitatange, pono wachanga, na wengine sijui majina yao hata leo. Mawe ya baharini yalikuwa yamepangwa ndani, na jua la alasiri liliingia dirishani likapita ndani ya maji. Nikaitwa nipande.

Nilisimama mlangoni nikashindwa kuingia. Ukuta wa kibla haukuwepo tena. Mahali pake palikuwa na maji yaliyosimama wima, na ndani yake rangi ambazo mimi, mtoto wa ufuoni, sikujua kama Mungu ameziumba. Nilikuwa nimekula kitatange. Sikujua kwamba manjano yake huwaka. Sokoni samaki ni kitu cha rangi ya risasi, na kumbe ile ni rangi ya mauti, si yake. Mawimbi ya mwanga yalitembea darini, kwenye boriti zetu, kwenye shuka za Bi Zuhura, kwenye uso wake. Bwana Said aliketi chini akaegemea kitanda cha mama yake, mtu mzima yule. Mwinyihaji alikuwa akisema kwa sauti ya pumzi tu, "Subhanallah. Subhanallah."

Habari ikaenea. Kesho yake uani palijaa watu: wavuvi, wauza samaki, akina mama waliovua pweza pamoja na Bi Zuhura. Wakaanza kupanda wote kwa pamoja. Fundi aliposikia vishindo ngazini alitoka mbio akawazuia kwa mikono iliyotanuliwa. "Maji nimeyatengenezea njia, nyinyi sikuwatengenezea! Watatu watatu, jamani, wallahi simpishi mtu!" Wakacheka, lakini wakapanga mstari. Walipanda wakipiga soga na kushuka kimya. Mwanamke mmoja muuza samaki alishuka akakaa kwenye kizingiti, akatazama kapu lake la changu, akalifunika kwa upande wa kanga.

Bi Zuhura alikuwa na haja moja zaidi. Alitaka pweza. Tukamwonya kwamba pweza atakula wenziwe, na kwamba hupita penye tundu la kuingiza kidole. Akasema ni kwa siku moja. Nikatengeneza kifuniko cha mbao, nikakiwekea mawe, na mvuvi akamleta pweza mzima ndani ya debe.

Mwanzo alijibana pembeni, wa rangi ya jiwe, hata hukumjua kama yupo. Tulingoja. Bi Zuhura alituomba tukisogeze kitanda, polepole, mpaka mkono wake ukafika. Akaweka kiganja kwenye kioo, kile kiganja chenye makovu ya mwamba. Basi pweza akatoka. Akaja akielea, miguu yake ikijikunjua kama kitambaa, akaugusa ule upande wa pili wa kioo kwa mguu mmoja, pale pale palipo kiganja. Akageuka mwekundu, akageuka mweupe, akawa na madoa, akatulia hudhurungi. Na jicho lake likasimama kumtazama bibi. Halikuwa jicho la samaki. Lilikuwa linatazama.

"Kumbe haya ndiyo mato yako," akasema Bi Zuhura. "Miaka yote ile. Kumbe na wewe waniangalia."

Walikaa hivyo muda mrefu, yeye na pweza. Kisha akauondoa mkono wake, akaurudisha kifuani. "Nimeshamwona," akasema. "Bakari, mwanangu, mrudishe kwao kabla hajachoka."

Nikamtia debeni, nikaenda naye mpaka mwambani, maji yamekupwa. Nilichuchumaa kwenye kidimbwi nikainamisha debe taratibu. Akateleza akatoka, akatua kwenye jiwe mbele ya miguu yangu. Nilikuwa namtazama, sikupepesa jicho, naye akawa rangi ya jiwe, akawa na vipele vya jiwe, na kivuli cha jiwe. Sikumwona akiondoka. Nilijua tu kwamba yupo pale, hatua moja kutoka kwangu, ananiona, na mimi simwoni.